UNATAKA PIKIPIKI YAKO IWE NA NGUVU ZAIDI? SOMA HII KABLA FUNDI HAJASHIKA SPANA

Leo naomba tuongelee injini, maana naona vijana wengi tunaumizana.

Kila wiki hapa gereji anakuja kijana na ombi lile lile: "Fundi, ifanyie kitu iwe na nguvu." Nikimuuliza nguvu ya kufanya nini, ananishangaa. Lakini hilo ndilo swali lenyewe. Anayebeba mchele mlimani anataka kitu kimoja, na anayetaka kuwapita wenzake barabara ya lami anataka kingine. Dawa ya huyu inaweza kuwa sumu kwa yule.

Naandika haya kama mtu aliyeharibu injini kwa mikono yake. Mwaka 2014 nilikuwa bodaboda Mbeya, na nilipoteza pikipiki ya mkataba kwa sababu ya kutafuta hosipawa. Nitawasimulia nikifika kwenye kabureta. Kwanza tuelewane maneno.

1. HOSIPAWA NA MVUTO SI KITU KIMOJA

Mvuto (kwenye vitabu unaandikwa kwa Nyutoni mita, Nm) ni nguvu ya injini kuzungusha. Ndio unaokung'oa ukiwa na abiria wawili kwenye kilima. Hosipawa ni mvuto huo ukizidishwa na kasi ya mizunguko, yaani injini inafanya kazi kiasi gani kwa muda fulani.

Hesabu yake ni hii: chukua Nm, zidisha kwa mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 9549, unapata kilowati. Kilowati moja ni hosipawa 1.36 za kwenye vitabu vya pikipiki.

Mfano ni Boxer 150, mnayemjua wote. Injini yake ni cc 144.8. Kiwandani wanaandika hosipawa 12 kwenye mizunguko 7500, na mvuto wa Nm 12.26 kwenye mizunguko 5000. Piga hesabu utaona kwamba pale mvuto unapokuwa juu kabisa (5000) hosipawa ni kama 8.7 tu. Na pale hosipawa inapofika 12, mvuto umeshashuka hadi Nm 11.2 hivi.

Maana yake kwako ni kwamba mlimani na mzigo hauishi kwenye mizunguko 7500. Unaishi kwenye 4000 hadi 5500. Fundi akikuongezea hosipawa mbili kule juu kabisa na kukupunguzia mvuto huku chini, kwenye karatasi umepata ila kwenye kilima umepigwa. Injini nyingi "zilizochongwa" mtaani ziko hivyo. Zinalia sana na kupanda zinakataa.

2. ANZA KUDAI NGUVU ULIZOIBIWA

Pikipiki iliyokula miaka mitatu barabarani haina tena hosipawa za kiwandani. Kabla ya kuongeza, rudisha kilichopotea. Hii ndiyo kazi yenye faida kubwa kwa hela ndogo, na ndiyo watu hawaitaki kwa sababu haina mbwembwe.

- Ea klina. Ikijaa vumbi injini inapumua kwa shida. Ya sponji ioshe, ikauke, ipake oili kidogo uikamue. Ya karatasi badilisha, usioshe.
- Valvu. Pima injini ikiwa ya baridi kwa fila geji. Kwa injini ndogo hizi nafasi huwa kati ya milimita 0.05 na 0.10, angalia kitabu cha yako. Ikibana kabisa, valvu haifungi vizuri, kompresheni inavuja na valvu inaungua. Watu wengi wanaogopa kelele ya valvu, hivyo wanakaza mpaka inyamaze. Valvu inayolia kidogo ni nafuu kuliko iliyobanwa.
- Kompresheni. Pima kwa geji. Ikiwa chini, weka oili kijiko kimoja kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, tatizo ni ringi au bloku. Ikibaki pale pale, kagua valvu na gasketi ya hedi.
- Klachi. Ukivuta akseleta injini inalia lakini mwendo hauongezeki, pleti zimekwisha. Hapo hata ukifunga injini ya ndege hutafika.
- Cheni, upepo wa tairi, breki. Inua tairi la nyuma ulizungushe kwa mkono. Kama linasimama haraka, breki inabana na unabeba abiria asiyelipa nauli.

Nimeshaona pikipiki iliyoletwa "ichongwe" ikaondoka inapaa baada ya kuseti valvu na kubadilisha ea klina tu. Mwenyewe alidhani nimemuwekea kitu cha siri, teh teh.

3. SPROKETI: MVUTO WA BEI RAHISI KULIKO WOTE

Mimi ningekuwa na ruhusa ya kukushauri jambo moja tu kwa kazi ya mlimani, ni hili. Injini haiguswi kabisa.

Tuseme sproketi ya mbele ina meno 14 na ya nyuma 42. Gawanya 42 kwa 14 unapata 3.00. Ukiweka ya nyuma yenye meno 45 inakuwa 3.21. Mvuto unaofika kwenye tairi umeongezeka asilimia 7, kwenye kila gia na kila mzunguko. Au acha ya nyuma, punguza ya mbele iwe 13: inakuwa 3.23, karibu asilimia 8. Kwa injini ya cc 150 hutapata ongezeko la namna hiyo la uhakika kwa kuchonga bila kutoboka mfuko.

Gharama yake ni spidi. Pale injini ilipokuwa ikikupeleka kilomita 80 kwa saa, kwa mizunguko ile ile sasa utakwenda 74 au 75. Lami ndefu utaona injini inalia zaidi. Kwa pikipiki nyingi za bodaboda kebo ya spidi inatoka tairi la mbele, kwa hiyo spidi yenyewe haitakudanganya.

Angalizo: sproketi na cheni badilisha kwa pamoja. Cheni iliyovutika itakula meno mapya ndani ya muda mfupi. Na sproketi ya nyuma ikiwa kubwa sana cheni inaweza kuwa fupi, pima kabla hujalipa.

4. KABURETA, EA KLINA NA EKZOSI (HAPA NDIPO NILIPOANGUKIA)

Petroli ili iungue kabisa inahitaji hewa mara 14.7 ya uzito wake. Kwa nguvu nyingi zaidi unataka petroli izidi kidogo, hewa iwe kama mara 12.5 hadi 13. Hewa ikizidi, moto unakuwa mkali, injini inachemka, inaanza kugonga. Petroli ikizidi sana, moshi mweusi na plagi yenye masizi.

Kabureta inapima hayo kwa vipande vitatu. Jeti ndogo inafanya kazi ya silensa, yaani injini ikinguruma tu bila wewe kuvuta. Sindano inafanya kazi katikati. Jeti kubwa inafanya kazi ukivuta akseleta yote. Ukitoa ea klina au kufungua ekzosi, hewa inapita zaidi lakini jeti ni ile ile. Lazima jeti ikue. Na usitoboe jeti kwa waya wala sindano ya kushonea, nunua yenye namba.

Sasa kisa changu.

Nilikuwa na pikipiki ya cc 150 ya mzee mmoja, mkataba wa mwaka mmoja na nusu, hesabu elfu nane kwa siku, halafu chombo kinakuwa changu. Nilikuwa nimebakiza miezi minne. Pale kijiweni tulikuwa tunashindana nani anapanda na mzigo bila kushusha abiria. Nikaenda kwa fundi, nikamwambia mwenyewe: toa ea klina, weka ya kubana kwenye mdomo wa kabureta, toboa ekzosi, skimu hedi. Jeti hatukugusa.

Wadau, ilivuta ile mbaya. Wiki tatu nilikuwa mfalme wa kijiwe.

Sikujua kwa nini ilivuta. Mbeya mjini ni kama mita 1700 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huko juu ni nyepesi, kwa hiyo jeti ya kiwandani inamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Nilipofungua njia ya hewa nikawa nimesawazisha bila kujua. Nikadhani nimekuwa mtaalamu.

Halafu nikapata tenda ya kufuata mchele Kyela. Kyela iko chini, karibu na Ziwa Nyasa, mita 500 hivi. Hewa ya kule ni nzito kuliko ya Mbeya kwa karibu asilimia 10. Jeti ile ile, hewa nyingi zaidi. Kushuka hakukuwa na shida, maana kushuka hauvuti akseleta. Nikafunga magunia, nikaanza kupanda kurudi.

Kabla sijafika Tukuyu nikaanza kusikia sauti kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo. Hiyo ndiyo injini kugonga, petroli inalipuka ovyo badala ya kuungua kwa utaratibu. Sikusimama. Nilijiambia mzigo ni mzito tu, nikaongeza akseleta. Ikapoteza nguvu, ikakaza, tairi la nyuma likajifunga na kuserereka. Ashukuriwe Mungu nilikuwa mwendo wa polepole.

Tulipofungua, pistoni ilikuwa imeyeyuka upande mmoja na kung'ang'ania bloku. Ndani ya silinda moto unapita nyuzi 2000, na aluminiamu inayeyuka kwenye 660. Pistoni inaishi kwa sababu inakabidhi joto lake kwenye ringi, ringi kwenye bloku, bloku kwenye upepo. Mimi niliongeza moto kwa hewa nyingi, nikaongeza tena kwa kuskimu hedi, halafu nikapanda mlima polepole na mzigo ambapo upepo wa kupoza haupo.

Bloku, pistoni, ringi, valvu moja na ufundi: laki mbili na nusu. Sikuwa nazo. Hesabu ikalala siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Siku ya kumi na moja mzee alikuja mwenyewe nyumbani. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa. Akasema, "Kijana wangu, nilikukabidhi pikipiki nzima. Hii uliyonirudishia ni nini?" Sikuwa na jibu. Aliichukua, na mkataba ukafia pale. Miezi kumi na minne ya hesabu, kila siku, ikaondoka. Sikumlaumu yule fundi, nilimtuma mwenyewe.

Kwa hiyo sheria zangu za kabureta leo ni hizi:

- Ukibadilisha ea klina au ekzosi, badilisha na jeti. Usibadilishe kimoja ukaacha kingine.
- Soma plagi. Tembea kilomita kadhaa na mzigo wako wa kawaida, zima injini ukiwa umevuta, ikipoa fungua plagi. Rangi ya kahawia kama karanga iliyokaangwa ni nzuri. Nyeusi yenye masizi, petroli imezidi. Nyeupe kama chokaa, simama hapo hapo.
- Unatoka juu kwenda chini (Mbeya kwenda Kyela, Arusha kwenda Tanga), seti kwa ajili ya chini. Petroli ikizidi kidogo utapoteza hela. Ikipungua utapoteza injini.
- Injini ya kawaida hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1000 unazopanda. Chombo kilichotoka Dar kikivuta kivivu Mbeya hakijaharibika. Usiruhusu mtu akifungue kwa sababu hiyo.

Kuhusu ekzosi kutobolewa: kelele si nguvu. Kwenye injini hizi, kutoa mabati ya ndani mara nyingi kunapunguza mvuto wa chini, maana bomba na mabati yake vimepimwa ili mawimbi ya moshi yasaidie silinda kujaa. Unachopata kwa uhakika ni trafiki kukusikia kabla hajakuona.

5. KUSKIMU HEDI

Hii inaongeza kompresheni, na kompresheni inaongeza mvuto kweli, siwadanganyi. Lakini angalia hesabu. Injini ya cc 144.8 yenye kompresheni ya 9.5 kwa 1 ina chumba cha moto cha cc 17 tu. Ukipunguza nusu milimita kwenye silinda yenye kipenyo cha milimita 56, umekata cc 1.2. Kompresheni inaruka hadi 10.2. Nusu milimita! Na mtaani mtu anasaga hedi kwa kukadiria, juu ya kioo na msasa.

Zaidi ya hapo, valvu zinasogelea pistoni. Kwenye injini yenye cheni ya taiming, ukiishusha hedi taiming ya kemshafti inachelewa kidogo. Na petroli unayonunua kwenye chupa njiani huijui imechanganywa na nini. Ikigonga na petroli hiyo, umejichimbia shimo. Ushauri wangu kwa bodaboda: acha.

6. KUCHONGA BLOKU NA PISTONI YA OVASAIZI

Hapa kuna uongo mwingi. Pistoni za ovasaizi huuzwa kwa hatua za 0.25, 0.50, 0.75 na milimita 1.00. Zimetengenezwa kurekebisha bloku iliyokwisha, si kwa ajili ya mbio. Silinda ya milimita 56 ukiichonga iwe 57, cc zinatoka 144.8 hadi 150. Umeongeza asilimia 3.6. Kwa hosipawa 12, hiyo ni chini ya nusu hosipawa. Ukiona inavuta zaidi baada ya kuchonga, ni kwa sababu ya zamani ilikuwa imekwisha na sasa ringi zinabana vizuri.

Kuna jambo moja la kweli. Pikipiki nyingi za Kichina zimetokana na injini ya Honda CG125 ya miaka ya 1970, ile ya kusukuma valvu kwa vijiti badala ya cheni, iliyoundwa ivumilie watu wasiobadilisha oili. CG125 ina pistoni ya 56.5 na mwendo wa 49.5, cc 124. Ndugu yake wa cc 150 ana mwendo ule ule 49.5 ila pistoni ya 62. Kwa hiyo kuipandisha 125 iwe 150 kunawezekana, na hapo ongezeko ni asilimia 20. Lakini bloku, pistoni, gasketi na hedi viendane, na nafasi ya bloku kwenye kreki ipimwe na mtu anayejua. Pia cc kwenye kadi ya pikipiki itakuwa si ile iliyopo. Ajali ikitokea kampuni ya bima inaweza kuuliza, kwa hiyo soma mkataba wako kwanza.

Injini ikishachongwa, kilomita 500 za kwanza endesha kistaarabu, usivute yote, mwaga oili mapema. Ringi zinazoea bloku kipindi hicho.

7. KEMSHAFTI NA CDI ZA "RESI"

Kwa ufupi: kemshafti ya resi inachelewa kufunga valvu, kwa hiyo inahamisha nguvu kwenda mizunguko ya juu na kuiba huku chini. CDI isiyo na kikomo haiongezi nguvu yenyewe, inakuruhusu tu kuzungusha injini kupita pale kiwanda kilipokusimamisha. Springi za valvu na konrodi hazijaambiwa habari hiyo. Kama hukimbii kwenye mashindano, hela hiyo nunua tairi.

8. UTARATIBU NINAOUFUATA MIMI

1. Pima kompresheni na valvu, rekebisha.
2. Ea klina, plagi, klachi, breki, upepo.
3. Sproketi kulingana na kazi yako.
4. Jeti kulingana na mahali unapofanyia kazi.
5. Tembea wiki mbili, soma plagi.
6. Hapo ndipo tuongelee kufungua injini, na breki ziwe zimeshaboreshwa.

Na kabla hujampa fundi chombo muulize: utapima kwa nini, kitabu au macho? Jeti mpya ni namba ngapi? Nikitaka kuirudisha kama ilivyokuwa inawezekana? Akikasirika kuulizwa, washa uondoke. Chombo kikiwa cha mkataba, muulize na mwenye nacho kwanza. Mimi sikumuuliza.

Anayetaka msaada aandike kwenye maoni hapo chini: pikipiki aina gani, cc ngapi, meno ya sproketi mbele na nyuma, uko mkoa gani na plagi ina rangi gani. Bila hayo nitakuwa nabahatisha, na kubahatisha kulishanigharimu. Mafundi wenzangu mkiona nimekosea hesabu mahali, nirekebisheni hadharani, sina noma.

Tuko pamoja.